Pedi zisizo na waya na kiti cha bibi

Nilimtuma mume wangu mjini aniletee pedi mbili, akanipigia simu kutoka dukani: "Za PS au zako?" Basi tuelewane mapema, humu nazungumzia za PS, yaani zile za kushika mkononi ukicheza gemu za PlayStation.

Kwa miaka kadhaa nyumbani kwetu Tabata tulikuwa na PS2, ile nyembamba, tuliyorithi kwa mdogo wangu. Pedi zake zilikuwa na waya. Sebule yetu si kubwa: TV iko upande mmoja, makochi upande wa pili, na katikati ndiyo njia ya kwenda jikoni. Waya ulifika kwenye kochi kwa kuvutwa, kwa hiyo wachezaji walishuka kukaa kwenye zulia, na nyaya mbili zikabaki zinaning'inia usawa wa kifundo cha mguu. Ukitoka jikoni na sufuria ya mchuzi unatangaza kwanza, "Napitaaa!" kama mpiga debe. Kitindamimba wetu hakuwa na habari ya kutangaza. Siku moja alipita mbio akimkimbiza paka, akanasa, na PS yenyewe ikamfuata chini kutoka kabatini. Iliendelea kucheza, ila kifuniko cha sidii hakikufunga tena. Tukawa tunakikandamizia kamusi juu yake. Kamusi hiyo imetumika zaidi kwenye FIFA kuliko kwenye masomo.

Hilo nililivumilia. Sikuvumilia la mama mkwe.

Alikuja kutoka Muheza kwa ajili ya goti lake, akakaa nasi. Usiku mmoja alikuwa anaelekea msalani gizani, na watoto walikuwa wameacha nyaya vilevile. Alijikwaa, akawahi kushika fremu ya mlango, hakuanguka. Watoto hakuwaambia neno. Asubuhi tunakunywa chai, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mkwe wangu, humu ndani mmetega nini, panya au kanga?" Nilitamani ardhi inimeze.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu yangu ya kupokea mchezo. Kijumbe akanikabidhi bahasha, nikaenda nayo Kariakoo kununua PS4 iliyotumika pamoja na pedi mbili zisizo na waya. Mume wangu mpaka leo husema hakuna pesa ya mchezo iliyowahi kwenda kwenye mchezo kwelikweli kama ile.

Pedi za PS4 huzungumza na mashine kwa Bluetooth, hakuna kidude cha kuchomeka, na mashine moja hupokea hadi pedi nne. Mara ya kwanza unaiunganisha kwa waya wa USB, unabonyeza kitufe cha PS katikati, inatambulika, kisha unachomoa waya na habari imeisha. Mimi ilinichukua jioni nzima. Kila nikichomeka, taa inaonyesha pedi inachaji lakini mashine haiitambui. Nikaamini nimepigwa. Kijana wangu mkubwa ndiye aliyekwenda kuchukua waya wa simu ya zamani ya baba yake, akachomeka, ikakubali papo hapo. Kumbe kuna nyaya za bei rahisi zinazopitisha umeme tu, za kupitisha data hazimo ndani. Pedi ikikugomea, badilisha waya kabla hujarudi dukani kugombana. Ikigoma bado, nyuma yake karibu na kitufe cha L2 kuna kitundu kidogo. Ingiza pini, bonyeza sekunde chache, anza upya.

Jioni ya kwanza watoto walikaa kwenye zulia palepale pa siku zote, kwa mazoea. Siku ya tatu mmoja alikuwa kwenye kochi, mwingine kwenye kiti cha meza ya chakula, na mimi nikapita na sufuria bila kutangaza. Nilidhani faida ndiyo hiyo, njia kuwa wazi. Sikujua kwamba bibi alikuwa anaangalia.

Kiti chake kiko dirishani, kile chenye mikono ya mbao, kwa sababu goti halimruhusu kukaa chini wala kuzama kwenye kochi. Kwa pedi za waya asingeweza kucheza hata angetaka. Jioni moja mjukuu wake akamuwekea pedi mapajani kwa utani: "Haya mke wangu, nifunge." Akaishika, akaigeuza kama mtu anayekagua embe sokoni, akauliza ya kupigia ni ipi. Wiki ile ile alikuwa anajua duara ni la kupiga na X ni ya kupasia. Kukimbiza mchezaji kwa stiki bado kunamshinda, mabeki wake huzunguka kama kuku waliochinjwa, lakini ana penalti za hatari.

Bibi ni Simba wa damu. Akagundua kwamba pedi ya kwanza kuwashwa huwaka taa ya bluu na ya pili huwaka nyekundu. Tangu hapo hakubali kuwasha mpaka mjukuu wake atangulie. Timu yoyote anayochagua lazima iwe na jezi nyekundu, awe Liverpool au Arsenal, hajali. Mjukuu wake ni Yanga, naye akasoma kwamba ya tatu ndiyo huwaka kijani. Tuna mbili tu. Manung'uniko yakaanzia hapo.

Sasa niseme na ya upande wa pili, maana si yote ni raha. Pedi ya waya haijui kuisha chaji. Hizi zinajua, na zinachagua dakika ya 88. Mwezi wa kwanza watoto walikuwa wanacheza huku pedi zimechomekwa zinachaji, yaani nyaya zimerudi palepale, tena zimepita mbele ya kiti cha bibi. Nilikasirika, kisha nikaweka utaratibu. Saa tatu usiku pedi zinakuja kulala chumbani kwangu, kwenye chaja ya kawaida ya simu ya volti 5. Kama saa mbili zinatosha kuzijaza. Kwenye mipangilio niliweka zijizime zikikaa dakika 10 bila kuguswa, nikapunguza mwanga wa taa na kuzima mtetemo, na chaji ikaanza kufika wikendi. Faida ya pembeni ambayo sikuipigia hesabu: pedi zikiwa chumbani kwangu, hakuna anayecheza saa saba za usiku. PS iko pale pale sebuleni, lakini itachezwa na nini?

Kulikuwa pia na kesi ya "Mama, inachelewa." Mtu anabonyeza, mchezaji anafikiri kwanza. Nikadhani ni visingizio vya kufungwa na bibi. Ila ruta ya intaneti ilikuwa imekaa juu ya PS yenyewe, na Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4 ambayo ruta nyingi nazo huyatumia. Tuliihamishia juu ya friji, malalamiko yakapungua. Hayakuisha, kwa sababu kufungwa na bibi nako hakujaisha.

Moja ya zile pedi mbili ilikuwa bandia. Nilipaswa kuijua kwa mkono tu, ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Baada ya miezi michache ikawa haimalizi mechi mbili. Fundi aliifungua mbele yangu na kunionyesha betri, ndogo kuliko ile ya pedi halisi iliyoandikwa mAh 1000. Nilinunua nyingine halisi, iliyotumika, na safari hii niliijaribu dukani kwanza: stiki nikaiacha bila kuigusa nione kama mchezaji atatembea peke yake. Ukiona anatembea, rudisha, itakusumbua.

Wakati wa swala ya isha, au kitindamimba akilala sebuleni, kijana huchomeka hedifoni kwenye pedi yenyewe, sauti yote ikamjia masikioni akiwa kochini na TV ikanyamaza. Kwangu hili peke yake linalipa nusu ya gharama.

Sikukuu iliyopita shemeji yangu alikuja kutoka Tanga na pedi yake kwenye begi. Kijana akapiga hesabu haraka. Akamwachia anko awashe kwanza: bluu. Bibi akafuata: nyekundu. Yeye akangoja, akabonyeza, akainua pedi juu bibi aione. Kijani.

"Haya mume wangu," bibi akasema, "sasa njoo nikufunge ukiwa na rangi yako."