Saa saba mchana, Monasterboice

Paka wale wawili wa kuchongwa kwenye jiwe nimewahangaikia safari nne. Wako chini kabisa ya Msalaba wa Muiredach, upande unaotazama magharibi, ndani ya makaburi ya Monasterboice, kaunti ya Louth, Ayalandi. Kutoka Drogheda ninakoishi ni mwendo mfupi tu wa gari. Mmoja anaonekana kamkumbatia mtoto wake, mwingine kashika ndege, na hapo walipo pamechongwa maandishi ya Kiayalandi cha kale yanayoomba sala kwa ajili ya Muiredach, aliyesababisha msalaba huu utengenezwe. Wengi humtaja kuwa ni abati, yaani mkuu, wa monasteri iliyokuwa hapa, aliyefariki miaka ya 920. Kwa hiyo paka hao wamekaa nje, mvua na jua, zaidi ya miaka elfu moja, na mimi na kamera yangu ya mtumba tukashindwa kuwapata.

Safari ya kwanza ilikuwa Juni. Mbingu ya kijivu, jiwe la kijivu, picha ya kijivu. Nilirudi nyumbani na picha sitini ambazo ungeweza kuzibadilishana na mtu asijue ipi ni ipi.

Safari ya pili nikafuata ushauri ambao kila mpiga picha anaurudia: nenda saa ya dhahabu, jua linapozama. Nikaenda mwishoni mwa Septemba. Jiwe liling'aa rangi ya asali, nami nikafurahi sana, nikapiga, nikapiga. Kufungua picha kwenye kompyuta: uso wa msalaba bapa kama sinia. Wale askari waliochongwa wakimkamata Kristo, na Tomaso anayenyoosha kidole, wote walikuwepo, lakini kama watu waliochorwa kwa mkaa uliokwisha kufutwa.

Ilinichukua muda kuelewa kosa langu, na ni jambo ambalo fundi wa lipu analijua kuliko sisi. Ukitaka kuona kama ukuta umenyooka, humuliki tochi mbele yake. Unaiweka tochi ubavuni, karibu kabisa na ukuta, mwanga uteleze juu yake. Hapo kila kovu la mwiko linajitokeza. Mwishoni mwa Septemba jua linazama karibu magharibi kamili, yaani linautazama uso wa msalaba ana kwa ana. Vivuli vyote vinajificha nyuma ya vitu vyake. Saa ya dhahabu ni nzuri kwa mandhari. Kwa jiwe lililochongwa inategemea jiwe limegeukia wapi.

Tangu hapo natembea na dira mfukoni badala ya lenzi ya pili.

Niseme kidogo kuhusu mahali penyewe, maana watu wengi hupita kwa kasi barabara ya M1 bila kujua wanapita nini. Monasteri hii inahusishwa na Mtakatifu Buithe, aliyefariki mwaka 521. Kilichobaki ni makanisa mawili yasiyo na paa, mnara wa duara wenye urefu wa mita kama 28, uliokatika kichwa, na misalaba ya mawe. Mrefu zaidi unakaribia mita 7. Wa Muiredach ni mfupi kuliko huo, una mita zaidi ya 5, lakini ndio ambao mikono ya mafundi imesalia wazi zaidi. Kumbukumbu za kale zinasema mnara uliungua mwaka 1097 pamoja na vitabu vilivyokuwa ndani. Huwa nasimama chini ya mlango wake, ulioko juu kuliko kimo cha mtu, nikiwaza moshi ukitoka pale.

Upande wa mashariki kuna Hukumu ya Mwisho. Kristo yuko katikati, wema upande mmoja wamemwelekea, waovu upande wa pili wamempa mgongo wakisukumwa na shetani. Chini ya Kristo, Malaika Mikaeli anapima roho kwenye mizani, na shetani mwingine kalala chalichali akijaribu kuichezea mizani hiyo. Huyu ndiye nimpendaye. Mchongaji alikuwa na ucheshi, na aliujua udanganyifu wa sokoni. Yeye sikumhangaikia: anatazama mashariki, na mimi nikitoka zamu ya usiku hospitalini asubuhi ndiyo nafasi yangu. Jua la katikati ya asubuhi, linapoanza kuhamia kusini, linamtoa vizuri sana.

Kwingine mambo ni tofauti. Clonmacnoise, monasteri nyingine ya kale kando ya mto Shannon, misalaba ya asili imeingizwa ndani ya jengo la wageni ili mvua isiendelee kuila, na nje wakasimamisha nakala. Nilipofika nilisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. Nipige jiwe la kweli chini ya taa za umeme, au nakala ikiwa kwenye upepo, nyasi na mto nyuma yake? Mwishowe nilipiga vyote viwili, na leo nazitazama zaidi zile za ndani. Taa zimewekwa juu na pembeni na mtu anayejua kazi yake. Sura zinaonekana kuliko nilivyowahi kuziona nje. Nakala ina mandhari, lakini haina makovu ya umri.

Kaunti ya Kerry nako nilikwenda na mvua ikanipokea. Gallarus ni kanisa dogo la mawe makavu, lenye umbo la mashua iliyopinduliwa. Kila safu ya mawe imeingia ndani kidogo kuliko ya chini yake hadi kuta mbili zikakutana juu. Wataalamu bado wanabishana ni la karne gani. Nililolishuhudia mimi ni hili: nje maji yanachuruzika, ndani nimekaa pakavu na kamera mapajani. Dirisha moja dogo la mashariki ndilo pekee linaloingiza mwanga mbali na mlango. Ukipima mwanga kwa dirisha, kuta zinakuwa usiku. Ukipima kwa kuta, dirisha linakuwa shimo jeupe. Nilipiga picha tano za mwanga tofauti, nikaziunganisha baadaye, na kusema kweli ile moja ya giza tupu yenye dirisha kama sarafu ndiyo niliyoichapisha.

Karibu na hapo, Kilmalkedar, kuna jiwe la ogham lenye tundu karibu na kilele. Ogham ni maandishi ya mikwaju iliyokatwa kwenye ukingo wa jiwe, na kwa kawaida husomwa kutoka chini kwenda juu. Siku ya mawingu, mikwaju hiyo inapotea kati ya nyufa na kuvu. Hapa kuna njia ambayo haidhuru kitu: tochi. Kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, mwavuli umefunika, picha ya sekunde kadhaa, na wewe unapitisha tochi ubavuni mwa jiwe taratibu. Mstari mmoja mmoja unaamka. Tafadhali, msisugue jiwe, wala msijaze chaki kwenye herufi eti zionekane. Nimeyakuta mawe yenye chaki, na nilikasirika kuliko nilivyokasirika siku niliyopigwa shoti na waya wa umeme wa ng'ombe nikiruka ua kwa uvivu wa kutafuta geti.

Lile la waya lilinifunza adabu nyingine. Magofu mengi yako katikati ya mashamba ya watu. Ramani za nchi hii huonyesha mambo ya kale kwa wino mwekundu, na ukiitazama mara ya kwanza unadhani ramani ina surua. Lakini alama nyekundu si ruhusa ya kupita. Sasa nagonga mlango kwanza. Mzee mmoja wa kaunti ya Meath aliniruhusu kuingia kupiga duara la udongo lililoko malishoni kwake, ngome ya kale ya familia ya wakulima. Akaniambia geti nilikute vipi nililiache vivyo hivyo, na mti wa miiba ulioko pale nisiuvunje hata tawi. Nikamuuliza kama anaamini hadithi za viumbe wanaokaa humo. Akasema haamini hata kidogo, ila baba yake hakuukata na yeye hataukata.

Sasa turudi kwa paka. Safari ya tatu ilinyesha. Ya nne ilikuwa Februari, siku yangu ya mapumziko. Kwa hesabu ya dira, jua likishavuka kusini kidogo tu lingeanza kuteleza juu ya uso wa magharibi, na kwa kuwa ni majira ya baridi lingekuwa chini, likipita ubavuni badala ya kumwagika kutoka juu. Nilifika saa sita, uso bado uko kivulini. Nikanywa chai ya chupa. Vidole vimekufa ganzi. Saa saba kasoro, ukingo wa kusini wa msalaba ukapata mstari mwembamba wa mwanga. Saa saba na dakika kumi mikunjo ya nguo ikatoka, kisha vidole, kisha herufi chini, OR DO MUIREDACH, yaani sala kwa ajili ya Muiredach, na paka yule wa kushoto akainua kichwa chake kutoka kwenye jiwe kama aliyeitwa.

Nilipiga magoti kwenye tope. Picha kumi na moja. Nikahamia kwa mwenzake wa kulia, nikaweka stendi sawa, na wingu likaja kutoka upande wa bahari likakaa hadi jioni.