Nilivyowafundisha wanafunzi wapya wa udaktari kutafuta makala

Mimi ni mkutubi. Miaka yangu mitatu ya mwanzo nilifundisha kwa projekta: saa mbili, ukumbi umejaa mwaka wa kwanza wote. Walipiga picha slaidi, wakaondoka. Kazi za kwanza ziliporudi, rejea zilikuwa blogu na vitini vya waliowatangulia. Iliniuma, maana hawa ndio watakaotuandikia dozi kesho.

Mwaka wa nne niliomba waje ishirini ishirini kwenye chumba cha kompyuta, kila mmoja na swali linalomsumbua kweli.

Binti mmoja alikuja na la nyumbani. Mdogo wake ana selimundu, ameandikiwa haidroksiyurea, na mama anahofu kwamba dawa itamzidishia malaria. Nikamwambia atafute kwanza, nikanyamaza. Akaandika sentensi nzima kwenye PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, kama anayemuuliza mtu. Zikaja makala chache, hakuna iliyomjibu.

Sasa alikuwa tayari kusikiliza. Tukalivunja swali kwenye karatasi, safu tatu: mgonjwa, dawa, tunachokihofia. Chini ya kila safu, visawe vyake vya Kiingereza. Kati ya visawe OR (au), kati ya safu AND (na), kwa herufi kubwa kama PubMed inavyotaka. Kisha akaweka "sickle cell anaemia" ndani ya alama za kunukuu, matokeo yakapungua ghafla. Wote wakainama kwenye skrini yake. Alama zile zinaibana PubMed ifuate tahajia ileile ya Uingereza, na Wamarekani huandika anemia. Nikawafungulia MeSH, orodha ya istilahi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambamo ugonjwa huo una jina moja tu, mwandishi auite atakavyo.

Akaufikia utafiti uliochapishwa 2019 katika New England Journal of Medicine, uliofanyika kwa watoto wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Akasoma ikisiri kwa sauti: malaria ilipungua.

"Kwa hiyo nimpigie mama sasa hivi?"

Nikamwomba asubiri tusome yote. Kwa makala zinazodai malipo huwa nawapitisha Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002. Nenosiri liko maktaba, hakuna haja ya kulipa hata senti. Tulipofika sehemu ya mbinu, kijana wa nyuma akanyoosha mkono: mbona hakuna kundi lisilopewa dawa? Ni kweli. Watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya kuanza matibabu. Binti akauliza hilo linapunguza uzito kiasi gani, mwingine akataka kujua damu ilipimwa kila baada ya muda gani, na muda wa kipindi ukaisha hakuna aliyeinuka.

Jioni alimpigia mama yake, akamwambia waende kliniki pamoja wakamwonyeshe daktari makala ile.