Karo za Bulaya juu ya makaburi ya wazee

Ninyi mlioondoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, zamani kama mimi, mnaopanga kurudi kwa tarehe 1 Agosti, someni hii kabla hamjakata tiketi. Siku ya Wazazi bado ni ile ile: asubuhi watu wanafyeka makaburi, mchana wanawalisha wazazi walio hai, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Ila hayo makaburi yenyewe hamtayatambua.

Barabara siizungumzii. Mpaka wa Ruzizi ya Kwanza, Miti, Kavumu, vumbi ni lile lile, na mikaratusi imejaa hata pale palipokuwa na maharage. Yote hayo nilikuwa nimeyategemea. Karo, yaani vigae, sikuzitegemea.

Makaburi yetu yako kilimani, upande wa Katana, walipozikwa vibarua wa mashamba ya kinkina, ile miti ya dawa ya malaria, na watu wao. Mnakumbuka yalivyokuwa: misalaba ya mbao iliyoinama, michache ya simenti yenye herufi zilizochorwa kwa msumari simenti ikiwa bado mbichi, na vilima vingi visivyo na kitu ila mawe kichwani. Sasa ukifika juu unakutana na karo nyeupe na za bluu, zinang'aa kama bafu la hoteli. Picha ya marehemu iko ndani ya kioo. Kuna paa la bati. Kuna uzio wa chuma wenye kufuli. Kufuli! Anaogopewa nani, anayetaka kuingia au anayetaka kutoka?

Na tusidanganyane, hela za karo zinatoka kwetu. Mtu yuko Brussels au Montréal, matanga hakufika, sasa anatuma pesa kaburi la baba lishinde la jirani. Fundi anahitaji mahali pa tambarare, kwa hiyo anasawazisha vilima viwili vitatu vya pembeni na mawe yao anayatupa bondeni. Mdogo wangu wa Kanada amemjengea babu kaburi lenye baraza, ndiyo, baraza la kukalia. Chini ya baraza hilo wamelala watoto wawili wa nyumba ya jirani, waliokufa kwa surua tukiwa wadogo. Mama yao bado yuko hai. Hakuna aliyemuuliza. Siku ya Wazazi alisimama pembeni ya karo zetu, jembe mkononi, akitafuta pa kufyeka.

Huko juu kuna watu wanaofanya salongo, kazi ya pamoja, ya makaburi kila Jumamosi: vijana wachache, mwalimu mstaafu na katekista. Hawalipwi, hawana mradi wala jile (vizibao) za shirika lolote, jambo ambalo kwetu siku hizi linawatia watu wasiwasi. Nilidhani wanafyeka tu. Kumbe wana utaratibu. Hawachomi majani, kwa sababu moto unapasua simenti ya zamani. Hawasugui kwa brashi ya chuma. Herufi zikiwa zimefifia, kijana mmoja anashika kioo na kuurusha mwanga wa jua ubavuni mwa msalaba, maandishi yanajitokeza, mwingine anaandika kwenye daftari. Kisha wanapima kwa kamba, wanachora ramani, wanakwenda paruasi, yaani parokiani, kufunua rejista za ubatizo.

Kazi ngumu ni majina. Mnajua Mobutu alivyokataza majina ya Kikristo mwaka 1972. Kwa hiyo wao, wakikuta msalaba uliovunjika usio na tarehe lakini umeandikwa Albert au Philomène, wanaanza kwa kukisia kwamba ni wa kabla ya katazo hilo, au wa baada ya 1990 majina hayo yaliporudi. Lakini rejista ya padri ina jina la ubatizo, msalaba una jina la enzi za Zaire, na bibi wa kijiji anajua la nyumbani tu. Watu watatu kwenye karatasi, kaburi moja. Anayeweza kuyaunganisha ni mzee mwenye kumbukumbu, na hao wanapungua kila mwaka. Makaburi yaliyochimbwa haraka wakati wa vita vya 1996 na 1998 hayana hata msalaba wa kuanzia.

Karo ikishawekwa, msomaji wa kioo hana tena cha kusoma. Mwalimu aliniambia bila hasira, "Papa, majani tunayaweza. Ndugu zenu wa Bulaya ndio wanatushinda." Mimi nilicheka, wao hawakucheka.

Kwa hiyo, mkubwa kwa mdogo: fundi asiguse kitu kabla ya wale wa salongo kupiga picha na kupima. Msalaba wa zamani ubaki pale pale, bango lenu jipya likae miguuni. Ulizeni nani amelala kulia na kushoto. Na mkija, punguzeni masanduku ya nguo, leteni makaratasi mliyoyaficha kwenye droo za Bulaya: kadi za ubatizo, picha za matanga zenye majina nyuma, kadi ya kazi ya baba. Daftari la mwalimu linayahitaji kuliko mimi ninavyohitaji baraza.

Haya yote nimemweleza mdogo wangu kwa simu. Alisikiliza vizuri, akasema nina haki, halafu akaniuliza kama kule juu jua linatosha, maana anataka kumwekea babu taa za sola.