Gari lilimisi kila mvua kubwa ikinyesha, mafundi wakayatamani masega yangu

"Dada, hapa masega yameziba. Tuyatoe, gari lipumue." Maneno hayo nimeambiwa gereji zaidi ya moja, na kote nilikoambiwa boneti ilikuwa bado haijafunguliwa. Kwa asiyejua, masega ni lile dude la kusafisha hewa chafu kwenye bomba la moshi lenye vitundu vidogo vidogo ndani, limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei mbaya. Fundi anayekushauri uyatoe mara nyingi hakuambii yakishatoka yanaenda wapi. Mmoja alikuwa muungwana kidogo, akasema atanipunguzia ufundi "ila yale yabaki hapa hapa gereji." Nikamshukuru, nikaondoka na gari langu linatetemeka hivyo hivyo.

Gari lenyewe ni IST ya mwaka 2004, injini 2NZ, ile ya cc 1300. Ugonjwa wake ulikuwa hivi: usiku mvua ikipiga, asubuhi nikiwasha injini inatetemeka kama mtu mwenye malaria, taa ya injini kwenye dashibodi inawaka na kuzima, na nikikanyaga mafuta halivuti. Kutoka bondeni kwetu hadi kuifikia Morogoro Road napanda najikongoja, bodaboda zinanipita huku abiria wananigeukia. Ikifika saa nne, saa tano, jua limekolea, linapona lenyewe. Jioni narudi na gari zima kabisa. Sasa ulipeleke gereji saa saba mchana: fundi anawasha, injini imetulia tuli, anakuangalia usoni kama uliyekuja kumpotezea muda. Halafu: "Dada, hebu mpigie shemeji tuongee naye." Huyo shemeji yao hajui hata koili inakaa wapi.

Nikanunua kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma injini na kutuma majibu kwenye simu. Kariakoo vilikuwepo, wakati huo elfu thelathini na kitu, ukijua kubembeleza ulipata chini ya hapo. Nikakisoma asubuhi ya mvua, gari likiwa katikati ya kutetemeka, maana hapo ndipo ushahidi ulipo. Kikasema P0302. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, kwa hiyo namba mbili ndiyo inayomisi, yaani mafuta yake hayawaki. Ingekuwa P0300 ningejua zinamisi ovyo ovyo, huenda ni mafuta au hewa. Silinda moja, ile ile kila mara, ni habari nyingine: hapo unatafuta plagi inayotoa cheche, koili inayoipa plagi umeme, au nozeli inayonyunyiza mafuta kwenye silinda hiyo.

Nikaenda na jibu langu kwa fundi mwingine. Akasoma P0302, akatikisa kichwa kama daktari bingwa, akafunga koili, nikalipa. Gari likawa zima. Bila shaka lilikuwa zima, jua lilikuwa la kukausha dagaa! Mvua iliyofuata, ngoma ile ile, P0302. Nilipofungua mwenyewe ndipo nikaona koili iliyong'aa imekaa silinda namba tatu. Alianza kuhesabu upande wa giaboksi. Kwenye injini hizi namba moja iko upande wa cheni, yaani kwenye IST ni upande wa dereva. Silinda ziko nne, ukihesabu kutoka kusikostahili, ya pili yako ni ya tatu.

Kulikuwa pia na mzee mmoja wa mtaani kwetu, namheshimu sana, aliyeshikilia kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua na maji ya rejeta yanaingia ndani. Hoja yake haikuwa mbaya, maana kweli maji yakiingia silinda injini inamisi. Lakini rejeta yangu ilikuwa haipungui, oili kwenye kijiti ilikuwa safi wala haijageuka rangi ya chai ya maziwa, na silensa haikutoa moshi mweupe mzito. Tena gasketi iliyoungua haisubiri mawingu. Hilo la mawingu ndilo lililonipa jibu kuliko mashine yoyote.

Basi asubuhi moja baada ya mvua kubwa nikafungua kava la juu, nikachomoa soketi ya koili namba mbili, nikafungua nati yake ya spana namba kumi na kuivuta huku naizungusha. Ikatoka na sauti ya kunyonya. Mpira wa chini ulikuwa unachuruzika, na springi iliyo ndani yake imepata kutu. Nikamulika tochi ya simu kwenye shimo: maji, yamezunguka plagi yote. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Ukiwahi kufungua plagi maji yakiwa bado yamo, yote yanadondokea ndani ya silinda pamoja na mchanga wake. Mimi nilichukua bomba la sindano, nikalivika kipande cha mpira wa dripu, nikayavuta taratibu mpaka kukauka. Nikamalizia na tishu kwenye kijiti, kisha upepo kidogo. Plagi ilipotoka, kwenye ile kauri nyeupe kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, umeanzia juu kwenye chuma umeteremka hadi kwenye mwili wa plagi. Huo mstari ndio njia ya wizi. Koili inatoa umeme wa makumi elfu ya volti. Ukikuta maji unapita njia ya mkato kwenda kwenye chuma cha injini, ncha ya plagi haipati cheche. Injini ikichemka maji yanakauka, umeme unarudi njia yake. Ila mstari ukishachoreka, hata unyevu mdogo tu unatosha kulimisisha gari. Kukausha peke yake ni kujidanganya.

Sasa maji yametoka wapi? Kila niliyemuuliza: "Umepita kwenye madimbwi." Jamani, masika yote nilikuwa naogopa kupita bonde la Jangwani likijaa maji, na gari lilikuwa limelala uani usiku kucha! Halafu dimbwi linarusha maji kutoka chini. Shimo la plagi liko juu kabisa ya injini.

Hapa naomba mnivumilie maana ndipo ninapojisifu. Jumamosi ya jua nilikoroga bluu ya kufulia kwenye ndoo, ile ya kung'arishia mashati ya shule, ikakolea kweli. Nikatandaza toileti pepa juu ya injini nzima, kuanzia ukuta wa nyuma hadi mbele, nikairudisha boneti polepole. Nikachukua jagi nikaanza kumwaga kwenye kioo cha mbele kwa awamu. Kushoto kwanza. Nikafungua, nikatazama: tishu kavu, nyeupe. Kulia. Kavu. Watoto wameshika pua wanacheka, jirani yangu mama fulani kaegemea ukuta ananiuliza kama hilo gari linaoshwa au linaaguliwa. Nikamwaga katikati, jagi la kwanza, la pili, bado kavu. Nilikaribia kukata tamaa, kisha nikasema ngoja, mvua ya usiku haimwagi jagi moja ikaondoka. Nikamwaga mfululizo bila kupumzika, ndoo ikakaribia kuisha. Nilipofungua boneti safari hii, mchirizi wa bluu ulikuwa umeshuka kwenye ukuta wa nyuma, umeruka kwenye ukingo wa kava, na umetua kama ulivyotumwa: juu ya koili namba mbili.

Kumbe chini ya wipa, chini ya ile plastiki nyeusi yenye matundu, kuna mfereji. Maji ya kioo yanaingia mle, yanatokea pembeni nyuma ya madigadi. Gari langu linalala chini ya mwarobaini. Nilipotoa wipa na plastiki nilikuta majani yameoza yamekuwa udongo kabisa, mche mdogo umeshaota, matundu yote mawili ya kutolea maji yameziba. Mfereji unajaa, na katikati, kwenye kiungo ambacho mpira wake umekauka na kupasuka, unafurika kuelekea injini. Ndiyo maana mvua ndogo haikuleta shida na mvua ya usiku kucha ilileta.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi. Waya na maji kwenye matundu, silikoni kwenye kiungo, mpira nikapata wa gari lililovunjwa, Ilala, kwa bei ya soda kadhaa. Plagi nikabadilisha zote nne, ulizia halisi na upime mwanya wake, kwenye injini hii ni milimita 1.1. Koili ya namba mbili nikatupa, ile iliyofungwa kwa makosa namba tatu nikaihamishia mahali pake, na ile ya awali ya namba tatu, iliyokuwa nzima siku zote, nikairudisha. Hela yangu ya koili haikupotea kumbe. Kwenye midomo ya mipira ya koili nikapaka grisi ya silikoni kidogo.

Na ile taa: ikiwaka moja kwa moja una muda wa kufika gereji. Ikiwa inawaka na kuzima huku gari linatetemeka, acha kukanyaga mafuta, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega na ndiyo inayoyaua. Tena wale waliotaka kuyakata hawakulitaja hilo hata kidogo.

Jirani wa ukutani amekuja juzi. Noah yake nayo inamisi, ila imeanza baada ya vijana wa kuosha magari kuipiga injini presha. Hiyo haihitaji bluu. Nimempa bomba la sindano na mpira wake, nimemwambia avute maji kwanza kabla hajagusa plagi, na anirudishie.