Usimshuhudie jirani yako uongo: tunapozungumza habari za Wahindu na Wabudha

Wapendwa katika Bwana, amani iwe nanyi. Neno letu la wiki hii ni fupi, nalo wengi tulilikariri Shule ya Jumapili kabla ya kujua kusoma: "Usimshuhudie jirani yako uongo" (Kutoka 20:16). Tumezoea kulisikia tukiwaza mahakama, au umbea wa mtaani. Naomba safari hii tulipeleke kwenye yale tunayoyasema kuhusu dini ya mtu mwingine, hasa mtu ambaye hayupo kujitetea.

Nimesikia mara nyingi, hata mimbarani, kwamba Wahindu wanamwabudu ng'ombe, na kwamba Budha ni yule mzee mnene anayecheka ambaye sanamu yake inauzwa madukani. Yote mawili si kweli. Mhindu humheshimu ng'ombe na hamchinji, kwa kuwa ni mnyama anayemlisha binadamu maziwa yake. Kumheshimu hivyo si kumfanya kuwa Muumba. Na yule mzee mnene ni Budai, mtawa wa Kichina aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja baada ya Budha. Budha mwenyewe aliwahi kufunga mpaka akabaki mifupa mitupu. Anayesema maneno hayo mimbarani huenda anataka kulilinda kundi. Lakini amri haikuweka nafasi ya uongo wenye nia njema.

Tena hawa ni majirani zetu kabisa. Wafanyabiashara wa Kihindu kutoka Gujarat walikuwa Zanzibar na Mombasa kabla reli haijafikiriwa. Dar es Salaam, mtaa wa Kisutu unajulikana kwa mahekalu yao, na jiji hilohilo lina hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu waliotoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20. Methali yetu ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" inaeleza vizuri, tena kwa uchungu, jinsi tulivyowahitaji watu hawa bila kutaka kuwajua. Wengine hatujui hata kwamba si kila mwenye asili ya India ni Mhindu: kuna Wakatoliki wa Goa, Waismailia, Mabohora, Masingasinga na Wajaini.

Uhindu hauna mwanzilishi mmoja. Umekua karne kwa karne katika Bara Hindi, na maandiko yake ya kale kabisa ni Veda nne. Ya kwanza, Rigveda, ina tenzi 1,028, na wataalamu wengi hukadiria zilitungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo. Kwa karne nyingi hazikuandikwa popote. Makuhani walizihifadhi vichwani, neno kwa neno na sauti kwa sauti, mzee akimrithisha kijana. Mojawapo inauliza ulimwengu ulitoka wapi, kisha inamalizia kwa kusema kwamba huenda yeye atazamaye kutoka mbingu ya juu kabisa anajua, au huenda hata yeye hajui. Nilipousoma utenzi huo nilimkumbuka Ayubu mbele ya swali la Bwana: "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" (Ayubu 38:4). Mtunzi wa utenzi ule wa Kihindu hakuwa mjinga aliyeinamia gogo. Alikuwa anautafuta ukweli usiku na mchana.

Baadaye zikaja Upanishadi, maandiko ya mafundisho yaliyofuata Veda, na humo kuna baba aitwaye Uddalaka na mwanawe Shvetaketu, kijana aliyerudi kutoka masomoni amejaa majivuno. Baba anamwambia atie chumvi ndani ya maji, arudi kesho yake asubuhi. Kijana anarudi. Baba anamwambia, "Nipe ile chumvi." Anapapasa ndani ya maji, haioni. "Haya, onja juu. Onja katikati. Onja chini." Kote ni chumvi. Ndivyo ilivyo, baba anamweleza, kile kilicho asili ya vyote kimeenea kila mahali bila kuonekana, na wewe, Shvetaketu, ndiwe hicho. Asili hiyo wanaiita Brahman, na nafsi ya ndani ya mtu wanaiita Atman. Wako walimu wa Kihindu waliofundisha kwamba viwili hivyo ni kitu kimoja. Wengine, kama Ramanuja, walisema nafsi hubaki kuwa mtumishi anayempenda Mungu wake. Wahindu wengi sana humwabudu Vishnu, au Shiva, au Devi, kwa upendo na nyimbo na machozi, na wengi wao watakuambia kwamba Aliye Juu ni mmoja mwenye majina mengi. Kuhusu sanamu, mimi na wewe tunasimama na Isaya 44, na sitaki kulificha hilo. Ila tujue wanachokiamini wenyewe: katika sikukuu ya Ganesha, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, sanamu ya udongo huombewa siku kadhaa, halafu huchukuliwa na kuzamishwa majini iyeyuke. Kwao udongo ni mahali pa kumkaribisha Mungu. Udongo wenyewe si Mungu.

Imani inayobeba maisha ya Mhindu ya kila siku ni karma: kila tendo lina matunda yake, na matunda yasiyoiva katika maisha haya yataiva katika maisha mengine, kwa kuwa nafsi huzaliwa tena na tena. Mzunguko huo ni samsara, na kufunguliwa kutoka humo ni moksha. Bhagavad Gita, aya 700 za mazungumzo ya Krishna, anayeabudiwa na Wahindu, na shujaa Arjuna kabla ya vita, inafundisha mtu atimize wajibu wake bila kuyang'ang'ania matunda ya kazi yake.

Hapa nakaa kidogo, maana karma iko karibu nasi kuliko tunavyokiri. Wanafunzi wa Yesu walimwona mtu kipofu tangu kuzaliwa wakauliza, "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" (Yohana 9:2). Mhindu angelielewa swali hilo mara moja. Na sisi? Mtoto akizaliwa na ulemavu mtaani kwetu, macho yote humgeukia mama yake. Aliyefiwa na watoto wawili huanza kuulizwa ukoo wake umefanya nini. Yesu aliikataa hesabu hiyo waziwazi: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Akatema mate chini, akafanya tope, akampaka macho. Hapo ndipo tofauti yetu na Wahindu ilipo hasa. Sisi tunaamini mtu hufa mara moja (Waebrania 9:27), na kwamba deni ambalo hata maisha elfu yasingelimaliza, mwingine amelilipa. Tukitaka kumshuhudia Mhindu, tumshuhudie habari ya neema. Lakini tutaisemaje ikiwa mama wa yule mtoto bado hajaisikia kutoka kwetu?

Kusema kweli kuhusu jirani si kumpamba. Utaratibu wa matabaka umewakandamiza mamilioni ya watu waliohesabiwa kuwa najisi, na Bhimrao Ambedkar, mmoja wao, aliyeongoza kazi ya kuandika katiba ya India, aliuacha Uhindu. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Katiba ya 1950 ilikuwa tayari imepiga marufuku unajisi huo. Na makanisa ya India nayo yamewahi kuwakalisha waumini kwa matabaka, kwa hiyo jiwe hilo tusilirushe upande mmoja tu.

Ambedkar alikimbilia njia ya mtu aliyezaliwa Lumbini, Nepal ya leo, yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Siddhartha Gautama, ndiye Budha, alikulia katika starehe. Mapokeo yanasema aliona mzee, mgonjwa, maiti, na mtawa mtulivu, akaondoka nyumbani akiwa na miaka 29, akimwacha mke na mtoto mchanga. Alijitesa kwa kufunga miaka sita, akaona hakuna faida. Ndipo akakaa chini ya mti huko Bodh Gaya mpaka akapata kile Wabudha wanachokiita kuamka. Mahubiri yake ya kwanza yalikuwa Sarnath, karibu na Varanasi: maisha yamejaa mateso, mateso yana chanzo nacho ni tamaa, chanzo hicho kinaweza kukoma, na iko njia ya kukikomesha, yenye sehemu nane. Hakudai kuwa Mungu. Hata nafsi ya kudumu, ambayo Upanishadi ziliishikilia, yeye aliikana.

Mapokeo ya Wabudha yanasimulia kwamba mama mmoja aitwaye Kisa Gotami alifiwa na mwanawe wa pekee, akawa anazunguka na maiti mikononi akiomba dawa. Budha akamwambia alete mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Alibisha hodi mlango kwa mlango. Mbegu zilikuwepo kila nyumba, na msiba pia. Akaenda kumzika mwanawe, akarudi kuwa mfuasi. Namheshimu mwalimu aliyemfundisha mama huyo kwa upole namna ile. Kisha nafungua Luka 7, langoni mwa Naini, kwenye mwana wa pekee wa mjane: "Bwana alipomwona alimwonea huruma, akamwambia, Usilie." Akaligusa jeneza. Mwalimu mmoja alimsaidia mama kulikubali kaburi, na Bwana wetu aliliamuru limrudishe mtu. Siwezi kusema hayo ni mamoja, na Mbudha mkweli naye hatasema hivyo.

Aliyeusaidia sana Ubudha kuenea ni mfalme Ashoka wa India, karne ya 3 kabla ya Kristo. Aliiteka nchi ya Kalinga, kisha akaandika mwenyewe kwenye mwamba kwamba watu 100,000 waliuawa na 150,000 walihamishwa, na kwamba anajuta. Katika amri nyingine aliwataka watu wazuie ndimi zao, wasisifu dini yao kwa kuitukana ya wengine, kwa kuwa afanyaye hivyo anaidhuru dini yake mwenyewe. Mwamba mmoja wenye amri hizo uko Girnar, Gujarat, jimbo lilelile walikotoka wengi wa majirani zetu Wahindu.

Tutakapokutana jumuiyani, kila mmoja aje na jambo moja ambalo amewahi kulisema au kulisikia kuhusu dini ya mwingine, na kabla ya kuja amwulize mwenye dini hiyo kama ni kweli. Mwenye jirani Mhindu anaweza kuanza na Diwali: amwulize nyumbani kwao taa zile huwashwa kwa ajili ya nini. Wengi watamsimulia kurudi kwa Rama, shujaa wa masimulizi yao matakatifu, baada ya miaka 14 ya uhamisho. Asikilize mpaka mwisho, na akiulizwa habari za Pasaka, aeleze.