Leo nimemwona Mkwawa

Miaka sita naishi Iringa mjini, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kufika Kalenga.

Asubuhi tulianzia Boma, lile jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho. Pazuri sana, ila moyo wangu ulishatangulia Kalenga.

Huko Kalenga, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, limo ndani ya kioo. Alijiua mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate. Kichwa wakakichukua hadi kwao, kikarudi 1954.

Binti yangu alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akaufuta taratibu kwa pindo la kitenge changu, akaninong'oneza:

"Mama, kwa nini walimpeleka mbali hivyo?"

Nikamshika mkono tu.

Mliofika na watoto, mliwajibuje?