Kiboksi cha mchana

Mapumziko yangu ya mchana ni dakika 30, na hazilipwi. Nahudumia wazee, zamu ya asubuhi, kwenye nyumba ya wazee kaskazini mwa Minneapolis. Ndani ya dakika hizo 30 nile, ninywe maji, nitawadhe, niswali adhuhuri, halafu niwe nimerudi kabla mwenzangu hajalazimika kumwinua mtu mzito peke yake. Ndiyo maana huu mwezi wa kumi sasa, siku nyingi za kazi, mchana nakula kiboksi cha friza, chakula kilichopikwa tayari kikagandishwa, wewe unapasha tu, vile vya watu walio kwenye dayati, vilivyoandikwa kalori zake mbele kwa tarakimu kubwa. Watu wa nyumbani wananionea huruma. Mimi sioni cha kuhurumia. Kiboksi kile ndicho kilichonionyesha, na utu uzima wangu huu, chakula cha mtu mmoja ni kiasi gani.

Nilitua Marekani na kilo 66. Mwaka wa nane nikapimwa kliniki: paundi 194, yaani kilo 88. Presha 148 kwa 94. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kikasoma 6.1. Kuanzia 5.7 wanakwambia uko mlangoni pa kisukari, ukifika 6.5 umeshaingia ndani. Daktari alikuwa mpole, alieleza taratibu, lakini mimi nilikuwa simsikii tena. Nilikuwa namwona marehemu baba, Tanga, kakaa barazani na mguu umefungwa bendeji, vidole viwili vimeshakwenda.

Watu wa nyumbani wakiona picha zangu husema Marekani imenikubali. Haikunikubali. Kule Tanga nilikuwa natoka mtaa wa Chumbageni mpaka Ngamiani kwa miguu, na kikapu, na kurudi. Hapa kutoka mlangoni hadi kwenye gari ni hatua ishirini, na miezi kadhaa ya mwaka hizo ishirini zenyewe unazipiga juu ya barafu. Nilikuwa nafanya zamu mbili kwa siku, kuna ada za wadogo zangu na paa la nyumba ya mama. Tangu alfajiri tumboni hamna kitu ila donati zinazoletwa na ndugu wa wazee na soda ya mashine. Chakula cha maana nakila saa nne usiku, sahani ya wali imejaa mpaka ukingoni, kisha nalala hapo hapo.

Kabla ya viboksi nilinunua chai ya kukata tumbo, ile inayouzwa kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Dola 60 pakiti moja. Iliniharisha wiki nzima, nikapungua paundi nne, wiki iliyofuata zikarudi zote, maana yalikuwa maji tu. Dada zangu, anayewauzia chai ile hajui figo zenu zikoje, wala moyo wenu, wala dawa mnazomeza. Nawaombeni sana.

Mtaalamu wa lishe pale kliniki alinitaka niandike kalori za kila ninachokula. Siku ya kwanza tu nikashindwa. Wali wa nazi hauna maandishi ubavuni. Mchuzi wa kupaka una tui zito kiasi gani, nani kapima? Mama alinifundisha kupika kwa jicho na kwa kiganja. Kiboksi kimejieleza chenyewe: kalori 270, protini gramu 13, sodiamu miligramu 580, uzito gramu 255. Unaandika namba zako, unaendelea na kazi.

Kuvichagua ndiko kulikonipa taabu. Kwenye supamaketi safu ile ni ndefu, milango ya vioo pande zote mbili, na ukifungua mmoja ukungu unaziba kioo usione kitu. Wingi wake ni kuku na ng'ombe, na sijui amechinjwaje, kwa hiyo hivyo navipita. Kisha nasoma orodha ya viungo kwa herufi zile za mchanga: kuna mchuzi umetiwa mvinyo, kuna jelatini isiyosema imetoka kwa mnyama gani, kuna mboga tupu zilizopikwa kwa supu ya kuku. Maduka ya Wasomali hapa yana nyama halali ya kutosha, lakini viboksi vya kupimwa kalori sikuvikuta. Mwisho nikabaki na aina tano: tambi za mchicha na jibini, samaki na wali, maharage meusi na mahindi, dengu za Kihindi, na mboga na tambi za Kichina. Dengu ndizo nizipendazo. Zina bizari, na zinanuka kama chakula cha mtu aliyekaa jikoni.

Kupasha nako kuna adabu yake. Siku za mwanzo nilikuwa nakitia kwenye maikrowevu dakika nne, nakitoa pembeni kinachemka, katikati jiwe. Nikakila hivyo hivyo, nusu moto nusu barafu, nikidhani ndivyo kilivyo. Mwenzangu mmoja Msomali, dada wa miaka mingi pale kazini, ndiye aliyenionyesha. Toboa plastiki ya juu kwa uma mara nne. Dakika mbili na nusu, kitoe, funua, vuta cha pembeni ukilete katikati, funika, dakika mbili tena. Halafu kiache dakika moja bila kukigusa. Baadaye nilikuja kuelewa sababu. Yale mawimbi hupasha maji vizuri sana lakini barafu hayaiwezi vile, kwa hiyo sehemu ikishaanza kuyeyuka inazidi kupata moto na iliyoganda inaachwa nyuma. Usipokoroga, moto haufiki katikati.

Katika dakika ile ya kusubiri natawadha. Nikirudi naswali, nakula kwa dakika kumi, namaliza.

Wiki mbili za kwanza nililia njaa. Kiboksi kinaisha kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, nakwangua trei kwa ubavu wa uma. Nikasema hawa Wazungu wananiibia, hiki si chakula. Jumapili moja nikaamua kupima sahani yangu mwenyewe. Nilipika wali kama kawaida, nikapakua kama kawaida, kisha nikaurudisha kwenye kikombe cha kupimia, kimoja kimoja. Kikombe cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Cha nne kikajaa, na chembe zikabaki sahanini. Kikombe kimoja cha wali mweupe uliopikwa kina kama kalori 200. Huo wangu ulikuwa na tui. Na hapo sijagusa mchuzi, sijagusa samaki, sijanywa kitu. Nilikaa na kile kikombe mkononi kitambo kirefu. Miaka yote nilikuwa najiambia mimi si mlaji, nakula mara moja tu kwa siku.

Bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka themanini na ushei, aliniona siku moja na kiboksi, akaniambia vyake vya utotoni vilikuwa vya trei ya aluminiamu. Kampuni ya Swanson, ya Omaha kule Nebraska, ilianza kuviuza katikati ya miaka ya 1950: vipande vya bata mzinga na mchuzi, viazi vitamu, njegere, kila kitu na kijumba chake. Senti 98. Maikrowevu haikuwepo majumbani, trei iliingia kwenye oveni, na watoto wakala mbele ya televisheni. Alisema mama yake alikuwa akifanya kazi, na usiku ule wa trei ndio usiku pekee alioweza kukaa chini pamoja nao. Hivi vya kupunguza uzito vilikuja baadaye. Lean Cuisine, kwa mfano, iliingia sokoni mwaka 1981. Nilipenda vile alivyolisimulia, bila kuona haya. Sisi tunakiona chakula cha boksi ni cha mtu asiye na wa kumpikia. Kwake kilikuwa ni mama yake kupata kukaa.

Lakini sikisifu chote. Chumvi ni nyingi, na mwenye presha lazima aitazame kabla ya kalori. Hapa wanashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,300 za sodiamu kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai cha chumvi, chakula chote cha siku humo. Nimeona viboksi vyenye zaidi ya 700, na mbele vimechorwa majani mabichi. Mimi mpaka wangu ni 600, na siku ya kiboksi jioni situmii kabisa kile kidonge cha mchuzi tulichozoea kutia katika kila sufuria.

Na peke yake hakishibishi. Mtu anayeinua wazee hawezi kufika saa tisa kwa kalori 270. Nilijaribu, nikawa natetemeka nikiendesha gari kurudi. Sasa naongeza yai la kuchemsha, na bakuli la mchicha au bamia za friza. Bamia zile zinauzwa zimekatwa tayari, hazina chumvi wala mafuta, ni bamia tupu. Nakamulia ndimu. Jumla inakaribia kalori 400, na nafika nyumbani nikiwa na akili yangu.

Nilijaribu pia kugandisha vyangu mwenyewe. Makande yanakubali vizuri sana, maharage vilevile. Viazi vinageuka sponji. Mchuzi wa tui unakatika ukiyeyuka, ila ukiukoroga juu ya moto mdogo unarudi karibu na ulivyokuwa. Siku hizi kwa wiki viboksi vya dukani ni vitatu, vyangu viwili, na vyangu navipima kwa kikombe kile kile kabla ya kuvitia friza. Ramadhani vyote vililala. Nilichokwenda nacho Ramadhani ni kikombe tu, na futari ya mwaka huu ndiyo ya kwanza nimeinuka mkekani nikaenda tarawehe bila tumbo kunilemea.

Nimeshuka kilo tisa. Ni miezi kumi, si haraka, na miezi miwili kati yake mizani haikusogea hata kidogo. Presha mara ya mwisho ilikuwa 131 kwa 84. Sukari 5.8, bado mlangoni, lakini nimeanza kurudi nyuma.

Mama alikiona kiboksi kwenye simu ya video akashika shavu. "Mwanangu, hicho chakula au cha kuonjea chumvi? Mbona umesinyaa hivyo, unaumwa unanificha?" Nilimwambia siumwi. Hakuamini. Nikamwonyesha cheti cha kliniki, nikamsomea namba, kisha nikamkumbusha mguu wa baba. Alinyamaza. Naye ana presha, ana vidonge vyake anavyovimeza siku akikumbuka. Mwezi uliopita kuna jirani yangu alikuwa anakwenda Tanga, nikampa kikombe cha kupimia cha plastiki amfikishie. Sikutia barua wala maelezo.

Juzi kanipigia mwenyewe, asubuhi yangu, mchana wake. Wali kapima kikombe kimoja na nusu, na alitaka kujua mchuzi wa tui nao unapimwa kwa hicho hicho, au kuna kingine kidogo nitamletea.